Glavu za Mananasi

Katubuka, Kigoma
11 Februari 2024

Mwanangu Arakaza,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi ni wazima, isipokuwa jogoo wa mama yako, ambaye nadhani amepoteza saa, maana siku hizi anawika saa nane mchana watu wakiwa wamejinyoosha. Mama yako yuko Kibirizi kila siku. Maboti ya kaskazini yanaleta mananasi mfululizo, na wanawake wenzake wanasema bila mikono ya Verediana boti halishushwi mzigo likaisha kabla ya jua kuwa kali. Mdogo wako Yunisi ametimiza miaka tisa, jino la mbele limeota, na anakimbia hadi mbuzi wanampisha njia. Mimi niko na randa yangu. Nimemaliza milango ya nyumba moja Gungu na wenyewe wameisifu.

Najua shuleni kwenu simu ni mwiko. Sikasiriki. Nimenunua daftari zima la kukuandikia, na ukiona mwandiko umepinda ujue nimeegemea kitanda ambacho bado sijakipiga msasa.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Siku wale walimu wa Tabora walipokuja Gungu kuchagua wasichana wa timu yao, wakataja jina lako la kwanza kabisa, nilirudi nyumbani nikalala na viatu. Nilijua. Tangu una miaka sita nilijua. Kwa hiyo nisikilize. Mpira ukija usiupokee umesimama, ufuate. Piga wa kushoto, wa kulia wameshaujua. Jezi namba tisa usimpe mtu, hata akikuomba aifue. Na usikubali kurudishwa nyuma, mwanangu. Leo watakuweka beki, kesho utajikuta golini, na golini huwekwa mtu asiyejua mpira, awe mlingoti wa tatu.

Leonia, binti wa jirani yetu Mzee Selestini, amepona malaria na anarudi huko shuleni kwenu kesho. Amebeba dagaa zako, chupa mbili za mawese, na viatu vipya vya njumu. Niandikie umefunga mangapi.

Ni mimi baba yako, mshambuliaji mstaafu,
Pastory Sindayigaya


Sekondari ya Wasichana Isundwe, Tabora
3 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo yake, na Yunisi mwambie nasikia habari za mbuzi. Mimi ni mzima. Tabora ni kukavu, vumbi linaingia hadi ndani ya kamusi, na maji ya kuoga tunagawana. Naota ziwa. Dagaa zilifika na zikaisha siku hiyohiyo, maana bwenini harufu haifichiki. Mawese nimeyaficha, na wasichana wa huku wanayaita rangi ya mlango mpaka siku nilipowapikia maharage. Sasa wananiuliza mzigo mwingine unakuja lini.

Masomo yanakwenda. Kemia inanisumbua, Historia nimekuwa wa tatu.

Timu iko vizuri. Mwalimu wetu anaitwa Frida, ni mpole ila akipuliza filimbi hata ndege wanasimama. Tumecheza mechi mbili. Ya kwanza tumeshinda tatu bila, ya pili nne bila. Viatu vya njumu nimevipokea, asante sana baba, vimekaa vizuri sandukuni visiharibike.

Nina ombi moja dogo. Mama ana zile glavu zake za zamani, za kudakia mananasi, zile za ngozi alizozishonea kitambaa kwa ndani. Kama hazitumii tena, naomba anitumie. Bustani ya shule ina miiba.

Wako, anayewakumbuka kila jua linapozama bila maji,
Arakaza


Katubuka, Kigoma
7 Aprili 2024

Mwanangu Arakaza,

Hatujambo. Mvua imeshika, barabara ya Rusimbi imegeuka mto na bodaboda zinapita kwa imani tu. Bibi yako alikuja akakaa wiki mbili, akatulaumu kila siku kwamba tumekupeleka mbali, kisha akaondoka na kuku wawili. Yunisi ameanza kucheza na wasichana wadogo wa Gungu chini ya Mwalimu Meshack, yuleyule aliyekufundisha wewe. Mimi siku hizi sifiki uwanjani, kazi ni nyingi.

Glavu hizi hapa. Nilipomsomea mama yako sehemu ile ya bustani na miiba, alicheka mpaka akakaa chini. Nikamuuliza kinachochekesha ni nini, akasema miiba. Wanawake mna mambo yenu.

Sasa nisikie. Tatu na nne ni saba. Barua yako ina mabao saba na haina hata jina la mfungaji mmoja! Hivyo ndivyo nilivyokulea, useme mambo nusunusu? Lakini nikajua ni unyenyekevu, umeurithi kwa mama. Basi nimekusemea mimi. Nilikuwa pale kwa kinyozi, watu wamejaa, nikawaambia binti yangu amefunga saba katika mechi mbili. Kinyozi alisimamisha mashine kichwani mwa mtu. Sasa mtaa mzima wanaulizia habari za Saba, yaani wewe. Mama wa maandazi ameniongezea moja bure.

Niandikie tarehe za mechi kubwa. Baba yako atakuja kusimama pale pembeni kama zamani. Nani atakuonyesha njia nisipokuwepo?

Anayetembea kifua mbele kwa ajili yako,
Baba


Isundwe, Tabora
19 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Poleni na mvua. Mimi niko salama. Glavu zimenitosha kama zilishonwa kwa mikono yangu, mwambie mama asante mara mbili. Kemia nimepanda kidogo.

Timu imeingia robo fainali ya Kombe la Shule za Bweni. Likizo ya Juni sitakuja nyumbani, tutakuwa na kambi ya mazoezi.

Kuhusu safari ya kuja huku, baba, ni mbali, na treni inachosha, na wewe mgongo wako unaujua. Usije.

Naomba yale ya saba usiwaambie watu wengine.

Mwanao,
Arakaza


Katubuka, Kigoma
23 Juni 2024

Arakaza mwanangu,

Tumepokea barua yako, ile fupi. Hata risiti ya duka ni ndefu kuliko ile. Hata hivyo tunamshukuru Mungu kwamba u mzima. Sisi tupo. Mama yako aliteguka kidole, nanasi lilikuja vibaya kwenye mvua, lakini amepona. Yunisi amekuwa wa pili darasani.

Leonia yuko hapa likizo. Nilifurahi kumwona, nikampa kigoda, nikamuuliza habari za mabao yako. Akakumbuka ameacha sufuria jikoni. Kesho yake nikamuuliza tena. Sufuria ileile. Siku ya tatu nikamuuliza habari za kambi, akasema kambi ilikuwa ya wiki moja, na wenzako wote wa timu walikwenda makwao baada ya hapo. Halafu akashika mdomo wake kwa mikono miwili.

Wiki tatu umekaa shuleni peke yako na matroni, mwanangu, kwa nini? Unanificha nini? Umeumia? Wamekutoa kwenye timu? Kama ni huyo Frida anakuweka benchi, niambie nije nizungumze naye kwa adabu.

Na hili ulijue. Mkifika fainali ya Agosti, nakuja, tena siji peke yangu. Mzee Selestini amekubali, na vijana kumi wa Katubuka wamekubali, na ngoma ipo. Tutaipiga kutoka stesheni hadi uwanjani kwenu. Kila mtu Tabora atajua Saba ni wa nani.

Nakusubiri uniambie ukweli.
Baba yako


Isundwe, Tabora
14 Julai 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini kidole cha mama kimepona kabisa. Mimi afya yangu ni nzuri, sijaumia, na hakuna aliyeniweka benchi. Umsamehe Leonia, nilimwapisha kwa Biblia.

Nimeandika barua hii mara nne. Hii ndiyo nitakayoituma.

Sijafunga bao hata moja, baba. Si saba, si moja. Mimi ni golikipa.

Hakuna aliyenirudisha nyuma. Wiki ya kwanza kipa wetu alivunjika kidole, Mwalimu Frida akauliza nani anaweza kudaka, na mkono wangu ukapanda wenyewe kabla sijafikiri. Mpira wa kwanza ulikuja juu, kwa nguvu. Unakumbuka nilivyokuwa nashinda na mama Kibirizi, vijana wakiwa botini wanarusha mananasi, sisi tuko ndani ya maji ya magoti tunadaka? Mama alikuwa akiniambia nanasi usilipinge, ukilipinga litakuchana, lipokee ukirudi nalo. Basi nikaupokea ule mpira nikirudi nao, ukatulia kifuani. Mwalimu akasema, wewe umefundishwa na nani?

Nikajibu, na mama yangu.

Sasa nikuambie la pili, ambalo ni gumu zaidi. Unakumbuka fainali ya Gungu mwaka jana, ile faulo ya dakika za mwisho? Uliingia uwanjani. Ukauchukua mpira mikononi mwa refa, ukauweka chini mwenyewe, ukaupangusa kwa mkono, ukanionyesha kwa kidole kona ya kupiga. Watu walikuwa wanacheka. Nikapiga palepale uliponionyesha, na ukaingia. Ulilia kwa furaha, ukanibeba. Mimi nilikuwa nawaza, hili bao ni langu au ni la baba? Mpaka leo sijui.

Ulikuwa ukikimbia sambamba nami pembeni mwa uwanja tangu nina miaka sita, unaniita, unanielekeza, kulia, kushoto, piga, bado. Nilikuwa nasikia sauti yako hata nikiwa darasani. Golini hakuna mtu anayekimbia sambamba nami. Siku ile ya kwanza nilisikia pumzi yangu mwenyewe, na nikaipenda.

Najua na habari za Mwalimu Meshack. Najua alimwaga mstari wa majivu nje ya uwanja na akakwambia baba Arakaza usipite hapa, kwa sababu ulimfuata Yunisi mpaka kwenye kona. Kwa hiyo kilichokuzuia kufika uwanjani si kazi nyingi, kama ulivyoandika.

Baba, nakuheshimu. Ndiyo maana nakuomba usije na ngoma. Ukisimama pale ukaniita namba tisa, nitatoka golini niende mbele, kwa sababu siwezi kukukatalia nikikuona kwa macho. Hapo nitakuwa nimeacha kitu cha kwanza maishani nilichokichagua mimi. Likizo nilibaki huku kwa sababu hiyohiyo. Niliogopa uso wako.

Unikasirikie, lakini unijibu.
Arakaza


Isundwe, Tabora
11 Agosti 2024

Baba, shikamoo, na mama shikamoo.

Barua yangu ya Julai ilifika? Posta wanasema ilikwishaondoka. Leonia alikwenda nyumbani kwa ruhusa, amerudi, nimemuuliza, akasema unapita asubuhi na unaitikia salamu, basi.

Tumeshinda nusu fainali moja bila. Fainali ni Jumamosi tarehe 24, uwanja wetu wa shule, saa tisa alasiri. Nakuambia si kwa sababu nataka uje wala usije. Nakuambia kwa sababu ni haki yako kujua.

Mwanao bado,
Arakaza


Isundwe, Tabora
Jumapili, 25 Agosti 2024

Baba na mama wapendwa,

Shikamooni. Ni mzima, nimechubuka kiwiko tu. Naandika ingawa sijajibiwa, maana habari hii ikikaa kifuani itaniumiza.

Tumechukua kombe! Mbili kwa moja.

Nianze na hilo moja, kwa sababu ni langu. Kipindi cha pili, sisi tunaongoza mbili, ukaja mpira mwepesi, wa kutambaa, ambao hata Yunisi angeuokota. Nikauinamia huku macho yangu yameshakwenda mbele natafuta wa kumrushia. Ukapita katikati ya miguu yangu. Wavu ukatikisika, na upande wao wakaimba. Nilibaki nimeinama. Nikasubiri. Mwili wangu wote ulikuwa unasubiri sauti, ile ambayo ingesema Arakaza! umefanya nini!

Haikuja. Nyuma ya goli langu kulikuwa na mzee mmoja amevuta kofia hadi puani, anatafuna muwa. Alikuwepo mchezo mzima, hakutamka neno. Wenzangu wanasema ni bubu. Nilimsikia akiuma muwa, ka! kwa nguvu, kisha kimya. Basi nikauokota mpira wavuni nikaupeleka katikati mwenyewe, nikarudi golini.

Dakika ya mwisho wakapata kona. Mpira ulikuja juu ya vichwa vyote, jua liko machoni. Sikuuona vizuri, ila mikono iliuona. Nikaruka nikaupokea nikirudi nao, nikaanguka nao kifuani, watu watatu wakaniangukia, na sikuuachia. Nilipofumbua macho refa alikuwa anapuliza filimbi ya mwisho. Glavu za mama zimepasuka kidole gumba.

Mwalimu Frida amelia. Wananitaka kwenye timu ya mkoa, kama kipa.

Nina furaha, mama. Nina furaha, baba, na nimeona niwaambieni.

Arakaza


Katubuka, Kigoma
1 Septemba 2024

Mwanangu, golikipa,

Shikamoo zako nimezipokea zote, pamoja na zile ambazo sikuzijibu. Nyumbani hawajambo. Jogoo aliliwa. Mama yako anakuombea, na anasema kidole gumba cha glavu atakishona ukija likizo, usikiguse kwa sindano yako ya shule.

Yule bubu ni mimi.

Nianze mwanzo. Barua yako ya Julai ilifika tarehe 22. Niliisoma mara moja nikaiweka chini ya randa, nikaanza kuranda ubao. Niliuranda mpaka ubao ukaisha. Mwenye kabati alipokuja nikamwambia arudi wiki ijayo. Nilikasirika, sikufichi. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia mama yako aliyejua tangu Aprili, maana alisema, nani anaomba glavu za mananasi akapalilie bustani? Nikawakasirikia hata watu waliocheka ile siku ya Gungu, ambao nilikuwa sijajua kwamba walicheka. Naapa sikuwasikia, mwanangu. Nilikuwa nakuangalia wewe tu.

Siku kumi sikusema na mtu. Ya kumi na moja mama yako akaja karakana, akakaa juu ya mbao, mikono yake bado inanuka mananasi. Akasema, "Pastory, nanasi likija kwa kasi unafanyaje?"

Nikamwambia, "Mimi si mtu wa mananasi."

"Nijibu hivyohivyo."

"Unalipokea ukirudi nalo."

"Haya. Rudi nalo."

Akaondoka zake kupika. Kesho yake nikaenda Kibirizi. Arakaza, nina miaka kumi na minane ya ndoa, na sijawahi kusimama pale nikamtazama mama yako akifanya kazi. Nimesimama kwenye kila uwanja wa manispaa hii, na pale sijasimama hata siku moja. Nikamwona ndani ya maji. Vijana wanarusha, yeye hata hatazami mikono yake, anaongea na mwenzake, na nanasi linafika kifuani limetulia utadhani limewekwa. Nilikaa mpaka boti likaisha. Wanawake wakaniuliza, baba Arakaza, umepotea?

Nami nilikuwa nimejipa sifa miaka yote hii kwamba mwanangu amerithi kwangu.

Ngoma nikamwachia Selestini. Nikapanda treni peke yangu. Nilijua mdomo wangu ni adui yangu, kwa hiyo nje ya shule yenu nikanunua miwa minne, nikajiambia, Pastory, muwa ukiisha unaondoka. Nilikuja kukaa nyuma ya goli la kipindi cha pili, mbali na watu wenu. Kipindi cha kwanza ulikuwa upande wa pili kabisa, mdogo kama punje, nikatafuna mmoja tu. Kisha mkabadilishana magoli, ukaja, ukasimama hatua kumi mbele yangu umenipa mgongo. Glavu zile mkononi. Mwanangu, nilimwona Verediana akiwa na miaka kumi na sita.

Bao lile la kutambaa lilipoingia nilikuwa na muwa wa tatu. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Ile ka! uliyoisikia ni mimi nikilikata neno hilo pamoja na muwa, na jino langu la pembeni mpaka leo linacheza. Uliinama. Nilitaka kuingia nikuokotee mpira. Nikakumbuka majivu ya Meshack, nikachora mstari kwa kisigino mbele ya miguu yangu mwenyewe, nikabaki nyuma yake. Ukauokota mwenyewe. Ukaupeleka katikati mwenyewe. Hakuna bao nililofunga maishani mwangu lililonipa fahari kama mwendo ule wako wa kwenda na kurudi.

Na kona ile ya mwisho, nilifumba macho. Ndiyo, mimi, mtazamaji gani! Nilijua umedaka nilipowasikia wenu wakishangilia na wao wamenyamaza.

Sikuja kukusalimia. Ungenikuta nalia, na isitoshe siku ile haikuwa yangu. Nilishika njia ya stesheni na muwa wangu wa nne mzima.

Sasa na mimi nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu ila mama yako. Babu yako, Mungu amrehemu, hakuja kunitazama nikicheza hata mara moja. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mashamba. Nilikuwa nikifunga nageuka kutazama pembeni, na mahali baba za wenzangu walipokuwa wamesimama, kwangu palikuwa na mbuzi anakula majani. Nikaapa kwamba mtoto wangu akigeuka hataona mbuzi, ataniona mimi. Basi nikakujazia kila upande uliogeukia. Nisamehe. Nilikuwa namkimbia mbuzi yule.

Jana nilikwenda kwa kinyozi. Watu walikuwa wengi, na ndivyo nilivyotaka. Nikasema, jamani, niliwadanganya, Saba hajafunga hata moja. Nikasema, ni kipa, na katika kombe zima amefungwa mabao mawili tu. Kinyozi akasimamisha mashine tena, kichwani mwa mtu yuleyule nadhani. Mmoja akasema, "Mzee, si wewe uliyekuwa unasema kipa ni mlingoti?" Nikamwambia nilikuwa sijaona mlingoti unaoruka.

Halafu nikaenda Gungu kwa Mwalimu Meshack. Mstari wa majivu bado upo, anaufufua kila wiki. Nikasimama nyuma yake, nikakunja goti, nikampigia makofi ya heshima kama tulivyofunzwa na wazee. Akanisalimu kwa Kiha, "Mwidiwe, baba Arakaza. Karibu ukae." Nikakaa palepale, nyuma ya majivu. Yunisi alianguka mara mbili na kuinuka mara mbili, na hakuna aliyekufa.

Viatu vile vya njumu mpe mwenzako anayevaa namba tisa. Mwambie apige wa kushoto. Hapana, usimwambie kitu.

Nyuma yako, hatua kumi,
Baba


Isundwe, Tabora
15 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mama, shikamoo. Yunisi, anguka tena.

Barua yako nimeisoma nyuma ya jiko la shule, mahali ambapo mtu akilia anasingizia moshi. Viatu nimempa namba tisa wetu, amefunga navyo jana.

Sasa na mimi nikuambie. Unafikiri kofia inakuficha? Nilikujua tangu tulipobadilishana magoli. Hakuna mtu mwingine duniani anayemenya muwa kwa meno kuanzia upande wa fundo. Mgongo wangu ulikuwa umekauka kwa woga. Nikasema moyoni, sasa ataanza. Kila mpira ulipokuja nilisubiri. Mpaka nikafungwa lile bao la aibu, na wewe ukanyamaza, na hapo ndipo woga wote ulinitoka. Baada ya mechi nilikwenda nyuma ya goli. Nilikuta makapi ya muwa, na mstari ule wa kisigino. Niliuruka nikasimama upande wako, nikatazama goli langu kutoka pale. Linaonekana vizuri.

Timu ya mkoa inacheza hapa Novemba, Jumamosi ya tatu. Njoo na mama. Selestini naye aje na ngoma, ila aiweke chini mpaka nimwinulie mkono.

Miwa nitanunua mimi. Kipindi cha kwanza utatafuna, baba. Cha pili, niite jina langu.

Arakaza